Serotonini na unywaji wa pombe kwa panya wa maabara: mwongozo kamili wa kusoma na kupanga utafiti

Ukisoma ripoti tatu za utafiti kuhusu pombe na serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, usishangae ukitoka na majibu matatu yanayopingana. Moja itasema kuongeza serotonini ubongoni kunapunguza unywaji wa panya. Ya pili itasema kuimaliza kunapunguza vilevile. Ya tatu itasema dawa ileile ilipunguza unywaji kwa dozi kubwa na kuuongeza kwa dozi ndogo. Wanafunzi wengi wa famakolojia na saikolojia huchoka hapo, wakanakili muhtasari na kuendelea na mambo mengine. Inasikitisha, kwa sababu eneo hili linamfundisha mtu kufikiri kuhusu ubongo kuliko maeneo mengi ninayoyajua.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: ujumbe wa serotonini hutegemea kipokezi gani, yaani protini ya seli inayoitambua kemikali hiyo, kimeupokea, kipokezi hicho kiko wapi, na panya amepewa pombe kwa utaratibu gani. La pili ni kwamba panya kunywa pombe kidogo baada ya kudungwa dawa hakuthibitishi kwamba hamu yake ya pombe imepungua. Hatua zifuatazo zinamfaa anayesoma tafiti za wengine na anayepanga yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Jifunze ramani ya vipokezi

Serotonini ilitengwa kutoka kwenye seramu ya damu mwaka 1948 na Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page huko Cleveland, Marekani. Mwaka 1953 Betty Twarog na Page wakaonyesha kwamba imo pia ndani ya ubongo. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko utumboni. Ile ya ubongo hutengenezwa na seli chache zilizokusanyika kwenye shina la ubongo, katika viini vinavyoitwa rafe, lakini nyuzi za seli hizo husambaa karibu kila pembe ya ubongo. Kwenye maandishi ya kitaalamu utaiona kwa kifupi cha 5-HT.

Vipokezi vyake viko katika familia 7 zenye aina zipatazo 14. Huna haja ya kuzikariri zote. Kwa suala la pombe, anza na hizi.

5-HT1A kipo sehemu mbili, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kwenye rafe kimekaa juu ya seli zenyewe zinazotoa serotonini, na kinafanya kazi ya breki: kikiwashwa, seli hupunguza kutuma ishara. Kwingineko, kama kwenye hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, kimekaa juu ya seli zinazopokea. Kwa hiyo dawa moja inayokiwasha, mfano 8-OH-DPAT, inaweza kupunguza serotonini inayotolewa na wakati huohuo kuiga kazi yake upande wa pili. Ikidungwa moja kwa moja kwenye rafe, imeripotiwa kuongeza unywaji wa panya. Ikitolewa mwilini kwa dozi kubwa, huupunguza. Matokeo hayo mawili hayapingani. Ni breki na sehemu ya mapokezi, zikiguswa kwa namna mbili tofauti.

5-HT1B hukaa kwenye ncha za nyuzi za neva na kudhibiti kiasi cha kemikali kinachomwagwa hapo, iwe serotonini au nyingine. Habari zake ni ndefu, nitazirudia kwenye hatua ya 7.

5-HT2A na 5-HT2C ni ndugu wanaofanana kwa umbo, jambo linalofanya dawa nyingi za zamani ziwaguse wote wawili bila kubagua. Kwa 5-HT2C picha imetulia zaidi: dawa ya Ro 60-0175, inayokiwasha, hupunguza panya kujitafutia pombe, na SB 242084, inayokizuia, huongeza. Kwa 5-HT2A matokeo yamekuwa ya kubabaisha zaidi.

5-HT3 ni cha pekee. Vingine vyote hufanya kazi kupitia protini za kati ndani ya seli, lakini hiki ni mlango wa ioni: serotonini ikigusa, mlango hufunguka papo hapo. Mwaka 1991 David Lovinger alionyesha kwamba ethanoli huongeza nguvu ya mlango huu. Pombe yenyewe, kwa viwango vinavyoweza kufikiwa na mnywaji, inagusa kazi ya kipokezi hiki. Mwaka uliotangulia, Wozniak na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kukizuia 5-HT3 kunapunguza dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni, inayoongezwa na pombe kwenye nyukliasi akumbensi, eneo la ubongo linalohusika na raha na motisha. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kuanzia usomaji wake, ningemwelekeza hapa kwanza.

Hatua ya 2: Chagua mnyama, na pata kibali kabla ya kuagiza chupa

Katika mwongozo huu, panya mdogo ni yule wa gramu 20 hadi 30, na panya mkubwa ni yule anayefika gramu mia kadhaa. Ni spishi mbili tofauti, wala si mtoto na mzazi.

Kwa panya wadogo, ukoo wa C57BL/6 hunywa pombe kwa hiari na kwa wingi, ilhali DBA/2 huikwepa. Tofauti hiyo ya kurithi ilielezwa na McClearn na Rodgers mwaka 1959 na bado inaonekana leo katika maabara yoyote. Maana yake kiutendaji ni kwamba dawa ya kupunguza unywaji haiwezi kupimwa kwa DBA/2, kwa kuwa hakuna unywaji wa kupunguza. Hali kadhalika, dawa unayodhani huongeza unywaji itakupotosha kwa C57BL/6 wanaokunywa karibu na kikomo chao.

Kwa panya wakubwa, wapo waliozalishwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Mashuhuri ni ukoo wa P wa Indiana, Marekani. Kigezo cha kuchaguliwa kilikuwa kunywa zaidi ya gramu 5 za ethanoli kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kupendelea pombe kuliko maji kwa uwiano usiopungua 2 kwa 1. Panya hawa wana serotonini pungufu katika maeneo kadhaa ya ubongo wakilinganishwa na ndugu zao wa NP wasiopenda pombe. Huo ni ushahidi mzuri, ila uuchukue kama uhusiano tu. Ukichagua panya kwa tabia moja, unaweza kuburuta jeni nyingine nyingi zisizohusika.

Kima wa rhesus wametoa ushahidi wa aina nyingine. Dee Higley na wenzake waliona kwamba kima waliolelewa na wenzao bila mama walikunywa pombe nyingi zaidi, na kwamba wenye kiwango kidogo cha 5-HIAA, yaani mabaki ya serotonini, kwenye majimaji ya uti wa mgongo walikuwa katika hatari hiyohiyo. Malezi ya utotoni yaliacha alama kwenye mfumo wa serotonini, na alama hiyo ikaonekana kwenye glasi. Kwangu mimi hiki ni mojawapo ya vipande vizito kabisa vya uwanja huu, na kinapaswa kutajwa kila mara mtu anapodai kwamba yote ni jeni.

Kuhusu kibali: hakuna utafiti wa wanyama unaoanza bila kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako kupitisha mpango. Andika wazi kama swali linaweza kujibiwa bila mnyama, idadi ndogo kabisa itakayotosha kitakwimu, na namna utakavyowapunguzia mateso. Panya ni mnyama wa jamii, na majaribio mengi ya chupa humtenga peke yake kizimbani. Upweke huo una gharama kwake, na unabadilisha unywaji pia. Usiuchukulie kama jambo la kawaida tu.

Hatua ya 3: Chagua utaratibu wa kunywa

Chupa mbili, moja ya maji na moja ya pombe, saa 24. Ndio utaratibu wa zamani na rahisi kuliko yote. Unakuonyesha upendeleo, lakini panya wengi hunywa kidogo kidogo kutwa nzima, hivyo damu yao inaweza isifike kiwango cha kulewesha hata kama jumla ya siku inaonekana kubwa.

Pombe kwa vipindi: siku moja ipo, siku moja haipo, mara nyingi ya asilimia 20. Panya wakubwa wa kawaida huongeza unywaji wiki hadi wiki bila kutiliwa sukari.

Kunywa gizani: utaratibu ulioelezwa na Rhodes na wenzake mwaka 2005. Saa 3 baada ya taa kuzimwa, chupa ya maji huondolewa, na ya ethanoli asilimia 20 huwekwa kwa saa 2 au 4. C57BL/6 hunywa hadi kufikia zaidi ya miligramu 100 za ethanoli katika kila desilita ya damu. Kwa kulinganisha, kikomo cha madereva katika nchi nyingi ni 80 au chini ya hapo.

Kubonyeza kidude ili kupata tone la pombe. Huu ndio unaokuambia panya yuko tayari kufanya kazi kiasi gani. Unachukua muda mrefu kufundisha, lakini unatenganisha kutafuta na kunywa.

Taratibu hizi hazibadilishani. Dawa inayopunguza kunywa gizani inaweza isifanye lolote kwenye chupa mbili za saa 24, tena kwa sababu ndogo kama dawa kuisha mwilini baada ya saa 3. Angalia daima muda wa dawa dhidi ya muda wa jaribio.

Hatua ya 4: Pima kwa uangalifu wa mhasibu

Chupa ipimwe kwa mizani kabla na baada. Usisome mistari ya mililita kwa macho. Weka kizimba kimoja kisicho na panya chenye chupa zilezile: kiasi kinachopungua humo ni mvujo na mvukizo, na lazima ukitoe kwenye hesabu ya wote. Badilisha upande wa chupa mara kwa mara, maana panya wengine hupenda kona fulani tu. Ukisahau hili, utaripoti upendeleo wa kona ukiuita upendeleo wa pombe.

Hesabu yenyewe ni hii. Panya wa gramu 25 amekunywa mililita 3 za pombe ya asilimia 10 kwa ujazo. Mililita 3 mara 0.10 ni mililita 0.3 za ethanoli. Mililita moja ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.789, kwa hiyo ni gramu 0.237. Gawa kwa kilo 0.025, unapata takriban gramu 9.5 kwa kilo. Kama alikunywa pia mililita 2 za maji, upendeleo wake ni 3 kwa 5, yaani asilimia 60.

Ripoti namba zote mbili. Panya anaweza kupunguza gramu kwa kilo bila upendeleo kubadilika, kwa sababu tu ameacha kunywa kila kitu.

Hatua ya 5: Gusa kipokezi, ikiwezekana kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni dawa. Tumia dozi kadhaa, na kila panya apate pia sindano ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, kwa mpangilio uliochanganywa. Anayepima chupa asijue nani kapata nini. Njia ya pili ni jeni: panya waliofutiwa kipokezi, au waliozidishiwa. Kila njia ina udhaifu wake. Dawa hugusa vipokezi visivyokusudiwa. Panya aliyefutiwa jeni amekua bila kipokezi hicho tangu tumboni, na ubongo wake huenda umejipanga upya kufidia.

Ndiyo maana napenda sana majaribio yanayounganisha njia zote mbili. Mfano wa kuigwa ni ule wa Clyde Hodge na wenzake, mwaka 2004. Walichukua dawa inayozuia 5-HT3, wakaipa panya wa kawaida: unywaji ukapungua. Wakaipa panya wasio na kipande cha 5-HT3A, ambacho bila hicho kipokezi cha 5-HT3 hakifanyi kazi: dawa haikufanya kitu. Dawa ikishindwa kufanya kazi pale ambapo kipokezi hakipo, basi ilikuwa ikifanya kazi kupitia kipokezi hicho. Jaribio moja la namna hii lina uzito kuliko grafu kumi za dawa peke yake.

Lakini 5-HT3 kina fumbo lake pia. Mwaka 1998 Engel, Lyons na Allan walitengeneza panya wenye 5-HT3 nyingi kupita kawaida kwenye ubongo wa mbele. Ungetarajia wanywe zaidi. Walikunywa kidogo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba panya anayeihisi pombe kwa nguvu zaidi hutosheka mapema, ilhali anayezuiwa asiihisi hukosa sababu ya kunywa. Kiasi kilichonywewa hakikuambii kama pombe ilikuwa tamu mno au haikuwa tamu kabisa.

Hatua ya 6: Uliza maswali ya kuvunja matokeo yako

Hapa usiwe na haraka.

Je, panya anaumwa? Mwaka 1968 Myers na Veale walitumia p-CPA, kemikali inayokata utengenezaji wa serotonini, na panya wakapunguza pombe. Ilionekana kama ushahidi safi kwamba serotonini ndiyo inayochochea unywaji. Mwaka 1970 Nachman, Lester na Le Magnen wakaonyesha njia nyingine ya kuyaeleza matokeo hayo: dawa inayomchafua panya tumbo wakati anapoonja pombe humfanya aichukie ladha ya pombe, kama mtu yeyote anavyokichukia chakula kilichomtapisha. Baadaye dawa zinazoongeza serotonini, kama zimelidini na fluoksetini, nazo zikapunguza unywaji. Kwamba kumaliza na kuongeza vilitoa jibu moja ni onyo la kutosha.

Je, ameacha pombe tu, au na chakula pia? Dawa zinazowasha 5-HT2C hupunguza hamu ya chakula na mwendo. Fluoksetini hupunguza ulaji vilevile. Kwa hiyo pima chakula, maji na uzito wa mwili, kisha rudia jaribio zima ukiweka sukari au sakarini (kitamu kisicho sukari) mahali pa pombe. Dawa ikipunguza sukari kwa kiwango kilekile, umegundua dawa ya kupunguza hamu ya vitu vitamu, na uandike hivyo.

Je, ni ladha? Pombe ni chungu na kali mdomoni. Mpe kwinini, uone kama anaikwepa kuliko wenzake.

Je, ini lake linaisafisha pombe kwa kasi tofauti? Mdunge kiasi kinachojulikana, upime damu saa baada ya saa.

Je, anaweza kutembea? Panya anayesinzia hafiki kwenye chupa.

Hatua ya 7: Rudia, na mwachie mwingine arudie

Mwaka 1996 John Crabbe na wenzake walichapisha utafiti wa panya wasio na 5-HT1B, waliotokana na maabara ya René Hen. Panya hao walikunywa ethanoli mara mbili ya wenzao wa kawaida, na walikubali hata myeyusho wa asilimia 20. Sasa angalia jinsi walivyopita kwenye maswali ya hatua ya 6: chakula na maji vilikuwa kawaida, sukari kawaida, sakarini kawaida, kwinini kawaida, kasi ya kusafisha pombe sawa. Kwenye kipimo cha kuyumba waliathirika kidogo kuliko wenzao. Ni kazi safi kwa kila kigezo.

Kisha Crabbe, Douglas Wahlsten na Bruce Dudek wakafanya jambo ambalo watafiti wachache hulithubutu. Walipima koo kadhaa za panya, pamoja na hao wasio na 5-HT1B, kwa wakati mmoja katika maabara tatu: Portland na Albany nchini Marekani, na Edmonton nchini Kanada. Vifaa vilifananishwa, ratiba zikafananishwa, hadi umri wa panya na saa ya kuanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Tofauti kati ya koo katika unywaji wa pombe zilikubaliana vizuri kati ya maabara. Lakini ule unywaji maradufu wa panya wasio na 5-HT1B haukujirudia. Vipimo vingine vya tabia vilitofautiana baina ya maabara licha ya juhudi zote. Waandishi walitaja hata kwamba mtafiti mmoja wa Edmonton, mwenye mzio mkali wa panya, alifanya kazi akiwa amevaa kifaa cha kupumulia. Nani ajuaye panya walionaje hilo.

Crabbe aliweka hadharani matokeo yaliyodhoofisha ugunduzi wake mwenyewe. Nawaomba wanafunzi wasome tafiti zote mbili mfululizo kabla hawajaandika sentensi yao ya kwanza ya pendekezo la utafiti.

Kiutendaji: andika ukoo kamili wa panya na kizazi, maabara ya asili, jinsia, idadi kizimbani, saa za mwanga, aina ya chakula, na nani alimshika panya. Kwa panya waliofutiwa jeni, linganisha ndugu wa tumbo moja, si panya walionunuliwa kwingine. Tumia majike na madume, kwa kuwa majike hunywa zaidi kwa kilo katika koo nyingi, na utafiti wa madume peke yao ni nusu ya jibu.

Hatua ya 8: Vuka kwenda kwa binadamu kwa tahadhari

Ushahidi wa 5-HT3 ulifika kliniki. Bankole Johnson, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliongoza jaribio la ondansetroni lililochapishwa mwaka 2000, likiwa na wagonjwa 271. Dawa hiyo, inayozuia 5-HT3 na inayojulikana zaidi kwa kutuliza kutapika, ilipunguza unywaji kwa wale ambao tatizo lao lilianza mapema, wakiwa na miaka 25 au chini. Dozi iliyofanya vizuri ilikuwa ndogo, mikrogramu 4 kwa kilo mara mbili kwa siku; kuizidisha mara nne hakukuleta nafuu kubwa zaidi. Upande wa fluoksetini mambo yaligeuka: mwaka 1996 kundi la Henry Kranzler liliona kwamba kwa wagonjwa wenye uraibu mkali ulioanza mapema, dawa hiyo ilielekea kuvuruga faida ya tiba ya mazungumzo.

Lorkaserini, inayowasha 5-HT2C, ilipunguza unywaji wa panya wa P. Ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa ajili ya kupunguza uzito, ikaondolewa sokoni mwaka 2020 kwa sababu ya hatari ya saratani.

Ondansetroni inapatikana kwenye maduka ya dawa ya kwetu, na najua makala kama hii husomwa na watu wenye ndugu anayeteswa na pombe. Usimpe dawa hiyo kwa kusoma habari za panya. Tena, mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asikatishwe pombe ghafla nyumbani, kwa sababu anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa kunakoweza kumuua. Mpelekeni hospitali, na mumweleze daktari bila kuficha anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho alikunywa lini.